Pawabenki ya "50,000 mAh" inayochaji simu mara moja na nusu: jinsi ya kuipima na kuiumbua

Swali: Nimenunua pawabenki imeandikwa 50,000 mAh kwa shilingi 35,000. Ina taa nne za kuonyesha chaji, tochi, na sola mgongoni. Simu yangu ina betri ya 5,000 mAh, kwa hiyo nilitegemea niichaji mara kumi. Inachaji mara moja, ya pili inaishia nusu. Muuzaji anasema simu yangu ndiyo inakula chaji. Nitajuaje ukweli bila kwenda kwa fundi? Na nikienda kununua nyingine niangalie nini?

Jibu: Simu yako haina kosa. Kwa maelezo uliyotoa, ndani ya hiyo pawabenki kuna betri ya 10,000 mAh hivi, yaani moja ya tano ya kilichoandikwa. Ila hata ingekuwa 50,000 za kweli isingekuchajia mara kumi. Ingekuchajia kama mara saba. Tuanze na hesabu hiyo, kwa sababu ikishaeleweka maneno mengi ya dukani yanaanguka yenyewe.

Namba ya mAh huhesabiwa kwenye seli zilizo ndani, na seli ya lithiamu ina wastani wa volti 3.7: ikijaa hufika 4.2, ikikaribia kuisha hushuka hadi 3 hivi. Tundu la USB linatoa volti 5. Kazi ya kupandisha volti hizo inafanywa na bodi ndogo, na volti zikipanda, ampea lazima zishuke. Bodi nayo inakata ujira wake, asilimia 10 hadi 15, unaopotea kama joto. Ndiyo maana pawabenki halali ya 10,000 mAh ukiipima kwenye tundu inatoa 6,000 na mia kadhaa tu. Hapo hujaibiwa. Wapo wanaogombana na muuzaji mwaminifu kwa ajili ya namba hii, huku jirani yake akiuza za "100,000" bila wa kumsumbua.

Kipimo cha kushika ni wati-saa, kwa kifupi Wh. Zidisha mAh kwa 3.7, kisha gawa kwa 1,000. Pawabenki ya 10,000 mAh ni 37 Wh. Ya 50,000 ni 185 Wh. Uzuri wa Wh ni kwamba haijali volti: tundu likitoa volti 5, 9 au 12 za chaji ya haraka, hesabu inabaki ileile, wakati mAh zitaonekana kupungua karibu nusu ukihamia volti 9.

Sasa simu yako. Betri za simu za siku hizi zina wastani wa volti 3.85, kwa hiyo 5,000 mAh ni Wh 19 na kidogo. Simu nayo inapoteza asilimia 15 hivi wakati wa kuchajiwa, basi kuijaza kutoka sifuri kunahitaji Wh 22 hadi 23 zinazotoka kwenye tundu la pawabenki. Pawabenki ya kweli ya 185 Wh, ikishatoa ujira wa bodi, inabakiwa na 160 hivi: mara saba. Yako imechaji mara moja na nusu, yaani imetoa kama Wh 34. Rudisha ujira wa bodi kwa kugawa kwa 0.87, unapata 39 Wh, ambazo ni 10,500 mAh.

Muuzaji anaweza kushikilia kwamba simu "inakula". Simu inayotumika huku inachajiwa inaweza kula wati 2 au 3. Kwa saa mbili hizo ni Wh 5 au 6. Pengo lako ni la Wh zaidi ya 120. Tena kama simu ni ya zamani na betri yake imechoka ikabaki na 4,000 mAh badala ya 5,000, hesabu yetu ya juu inampendelea muuzaji: kila "mara moja" ni ndogo kuliko unavyodhani, na uwezo wa pawabenki ni mdogo hata kuliko hizo 10,500.

Ukitaka hesabu ya simu iwe safi, zima simu au iweke hali ya ndege. Chaji kati ya asilimia 20 na 80 tu, ukiitumia tena hadi ishuke, kisha jumlisha asilimia zote pawabenki ilizotoa hadi kuzima. Sehemu ya juu ya 80 haifai kwa kipimo, kwani huko simu huvuta umeme kidogo kidogo, na pawabenki nyingi zikiona mvuto umeshuka sana hujizima zikidhani simu imejaa. Utahesabu pungufu wakati chaji bado ipo.

Kuna vipimo vitatu visivyohitaji kifaa chochote cha maana: saa, mizani na rula. Ujue tabia yake kabla hujavitumia: vyote vitatu vinaweza kumtia mtu hatiani, ila haviwezi kumwachia huru. Pawabenki ikishindwa hata kimoja, ni ya uongo, basi. Ikifaulu vyote, bado hujathibitisha kitu.

Saa ndiyo kali kuliko vyote na ndiyo inayosahaulika. Angalia palipoandikwa «Input», yaani umeme unaoingia. Pawabenki za namna hii mara nyingi ni 5V 2A, yaani wati 10 na si zaidi, hata ukiichomeka kwenye chaja ya wati 65. Kujaza 185 Wh kupitia tundu la wati 10, ukiweka na hasara, kunahitaji zaidi ya saa 20 mfululizo. Iishe kabisa, ichomeke asubuhi, uangalie taa ya nne inaacha kumeta lini. Ikijaa ndani ya saa tano, kilichoingia hakiwezi kuzidi Wh 50, na kilichobaki kwenye seli ni kama 45, yaani 12,000 mAh. Hakuna maelezo ya dukani yanayoweza kupita hapo: umeme usioingia hautoki. Lakini ikichukua saa 20 usishangilie. Bodi za bei ya chini huvuta ampea 0.6 au 0.8 badala ya 2, na betri dogo litachelewa vilevile.

Mizani inafuata. Seli ya duara iitwayo 18650, kipenyo milimita 18 na urefu 65, ina uzito wa gramu 45 hadi 48, na zile nzuri za kawaida hubeba hadi 3,500 mAh. Dada yake mkubwa, 21700, ana gramu 70 na 5,000 mAh. Zote mbili ziko kwenye mAh 70 na kitu kwa gramu moja, na hiyo ni seli tupu. Ukiongeza kasha, bodi, tochi na gundi, pawabenki nzima iliyotengenezwa vizuri huwa kati ya mAh 45 na 60 kwa gramu. Gawa namba ya lebo kwa uzito wa mizani ya jikoni. Ya 10,000 yenye gramu 200 inatoa 50, inaingia akilini. Ya 50,000 ingepaswa kukaribia kilo moja. Kama yako ina gramu 280, lebo inadai mAh 178 kwa gramu, kitu ambacho hakuna kiwanda kinachokiuza. Uzito mkubwa nao usikulaghai, kwa sababu watengenezaji wa vitu hivi wameshaujua mtego huu: kuna pawabenki zimefunguliwa zikakutwa na vipande vya chuma, saruji, au vifuko vya mchanga vilivyogandishwa kwa gundi pembeni ya seli moja pweke. Itikise sikioni. Kitu kinachocheza ndani ni dalili mbaya, lakini ukimya si dalili nzuri.

Rula haina mengi. Seli bapa hubeba takribani 130 mAh kwa sentimita moja ya ujazo. Kwa 50,000 unahitaji sentimita za ujazo 385 za seli peke yake. Pima urefu, upana na unene wa nje, uzidishe. Pawabenki ya sentimita 15 kwa 7.5 kwa 2 ina 225 tu, pamoja na kasha. Seli zenyewe hazitoshei humo.

Kipimo kinachoweza kumwachia mtu huru ni kimoja tu: kuijaza, kisha kuimwaga huku unahesabu kinachotoka. Unahitaji mita ya USB na mzigo, yaani kitu cha kuvuta umeme.

Mita ya USB ni kidude kinachokaa kati ya pawabenki na waya, chenye kioo kidogo. Zile za bei ya chini kabisa huonyesha volti na ampea tu. Tafuta inayoonyesha pia Wh au mWh na inayokumbuka hesabu umeme ukikatika, kwa sababu mwisho wa jaribio ndipo pawabenki inapozima, na mita isiyo na kumbukumbu inazima nayo na kukupotezea kazi ya kutwa nzima. Kama unayo ile ya volti na ampea tu, bado unaweza: tumia mzigo usiobadilika, andika saa ya kuanza na ya kuzima, uzidishe volti kwa ampea kwa saa.

Mzigo rahisi ni rezista ya saruji, ile nyeupe ya mstatili, ya omu 4.7 na wati 10. Kwa volti 5 itavuta ampea 1.06, yaani wati 5.3. Usichukue ya wati 5, itazidiwa. Kata waya wa zamani wa USB, unga rezista kwenye nyaya nyekundu na nyeusi, hizo za kijani na nyeupe zikunje na kuzifunga kwa tepu kila moja peke yake. Iweke juu ya kipande cha tofali au kigae, mbali na kitambaa, maana inapata joto la kuunguza ngozi. Usiye na pasi ya kulehemu tumia taa mbili tatu za USB au feni ndogo kupitia kigawanyio. Usiamini wati zilizoandikwa kwenye hizo taa, soma ampea kwenye mita. Ukipata kati ya nusu na ampea moja, inatosha. Simu ndiyo mzigo mbaya kuliko yote kwa kazi hii, kwani inabadilisha mvuto kila dakika.

Jaza pawabenki hadi taa zitulie, iache ipoe saa moja. Chomeka mita moja kwa moja kwenye tundu la pawabenki, si mwisho wa waya, kisha rudisha hesabu yake kwenye sifuri (kwa mita nyingi ni kubonyeza kitufe na kukishikilia). Washa mzigo asubuhi ili ikuzimie ukiwa macho: pawabenki halali ya 10,000 itadumu kama saa sita kwa rezista hiyo. Usiondoke nyumbani. Andika volti mwanzoni, baada ya dakika kumi, na kila saa. Ikizima, soma Wh na usikubali ule mchezo wa kuiwasha tena. Seli zikipumzika volti hupanda kidogo, na pawabenki itatoa dakika chache zaidi zisizo na maana.

Gawa Wh ulizosoma kwa Wh za lebo. Asilimia 85 na kuendelea ni kazi nzuri. Kati ya 75 na 85 ni ya kawaida, huna la kulalamika. Kati ya 60 na 75 kuna bodi dhaifu au seli zilizokaa muda mrefu ghalani. Rudia jaribio mara moja kabla ya kuhukumu. Chini ya nusu, lebo ni uongo. Kwa makadirio ya simu, yako iko kwenye asilimia 18.

Fanya na upande wa pili: iweke mita kati ya chaja na pawabenki, uhesabu kinachoingia. Kwa pawabenki nzima, kinachotoka ni asilimia 70 hadi 80 ya kilichoingia. Kipimo hiki kina faida nyingine ambayo naiona kubwa kuliko ile ya Wh. Tazama ampea zinavyokwenda mwishoni. Bodi nzuri hupunguza mvuto polepole betri inapokaribia kujaa, kisha huukata hadi karibu sifuri. Ukikuta taa nne zimetulia lakini bado inavuta ampea 0.2 au 0.3 saa mbili baadaye, bodi haijui kufunga. Hiyo usiilaze kwenye umeme usiku, hata kama uwezo wake ni wa kweli. Uongo wa lebo unakula pesa yako. Bodi isiyofunga inaweza kuchoma nyumba.

Joto pima kwa mkono, panatosha. Ikiwa inatoa ampea moja, kasha linapaswa kuwa vuguvugu. Ikifika hali ya kwamba huwezi kulishika kwa sekunde kumi, limevuka nyuzi 50 hivi, simamisha jaribio. Kuvimba, hata kidogo, hata kasha kuachia upande mmoja tu, ni mwisho wa mjadala: haichajiwi tena.

Kuna malalamiko yanayofanana na uongo wa uwezo lakini chanzo chake ni kingine, na ni vizuri kuyatenga kabla ya kurudi dukani kwa hasira. Pawabenki kujizima baada ya nusu dakika ukiwa unachaji spika za masikioni au saa ya mkononi si ubovu. Bodi huzima mzigo ukishuka chini ya miliampea 50 hadi 100, na vifaa hivyo huvuta kidogo kuliko hapo. Baadhi zina hali ya mvuto mdogo, inayowashwa kwa kubonyeza kitufe mara mbili.

Kuchaji polepole mara nyingi ni waya. Waya mwembamba wa kupewa bure, urefu mita moja, unaweza kupoteza karibu volti moja ukipitisha ampea 2: pawabenki inatoa 5, simu inaona 4.2, nayo inapunguza mvuto ili isizime chanzo. Ni rahisi kuthibitisha kwa kuhamisha mita. Isome kwenye tundu la pawabenki, kisha isome mwisho wa waya simu ikiwa inachajiwa; tofauti ikizidi volti 0.4, tupa waya. Lakini kama kwenye tundu lenyewe volti zinashuka chini ya 4.75 kwa mzigo ulioandikwa kwenye lebo, hapo bodi ndiyo haiwezi, na «2.1A» yake ni pambo. Sababu ya tatu ni mawasiliano: simu huuliza kupitia zile nyaya za kijani na nyeupe chanzo ni cha aina gani, na isipojibiwa inajizuia kwenye ampea 0.5. Waya usio na nyaya hizo utakufanya uilaumu pawabenki bure.

Taa nne, na hata zile namba za asilimia kwenye kioo, usizitumie kama ushahidi wowote. Kwenye vitu vya bei hii zinasoma volti za seli tu, na volti za seli ya lithiamu hukaa karibu palepale kwa sehemu kubwa ya safari kisha huporomoka. Ndiyo maana inakaa kwenye taa tatu muda mrefu halafu inazima ghafla.

Sola ya mgongoni haihitaji hata mita. Kipande cha sentimita 14 kwa 7 kina eneo la sentimita za mraba 98. Jua kali la saa sita mchana linaleta wati 1,000 kwa mita ya mraba, basi kwenye kipande hicho zinaangukia wati 9.8, sehemu yenye seli za sola kweli ni pungufu ya hapo, nazo hubadilisha chini ya moja ya tano. Unabaki na wati 1.5 hivi kwa bahati nzuri. Kujaza hata hizo 37 Wh zako halisi, kwa jua la Dar es Salaam, ni kazi ya wiki nzima ukiigeuza kulifuata jua. Tena kuianika ni kuiua: seli nyingi za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa zikiwa juu ya nyuzi 45, na kasha jeusi likiwa juani linapita hapo mapema. Ichukulie kama urembo, uifunike.

Kuifungua sikushauri kama unataka kurudishiwa pesa, kwani kasha lililopasuliwa ni kisingizio tosha. Ukishakata tamaa ya pesa na unataka kuona, imwage kwanza kwa rezista hadi izime. Tumia kadi ya plastiki au kile kidude cha plastiki cha kupigia gitaa kuachanisha kingo, kamwe si kisu wala bisibisi ya kuchokonolea katikati. Seli bapa ina ngozi nyembamba ya alumini, ukiitoboa inawaka. Fanya kazi nje, juu ya saruji, na ndoo ya mchanga karibu. Seli za duara zihesabu, uzidishe kwa 3,500 hata kama ngozi yake imeandikwa 9,900, namba ambayo hakuna 18650 iliyowahi kuifikia. Hicho ndicho kiwango cha juu cha seli za kawaida, na kwa seli zilizotolewa kwenye betri za laptopu za zamani ukweli ni kama nusu yake. Seli bapa huandikwa namba kama 606090: unene milimita 6.0, upana 60, urefu 90. Ujazo wake ni sentimita 32.4, mara 130, ni 4,200 mAh hivi. Ukikuta mbili za namna hiyo kwenye pawabenki ya 50,000, umeshapata picha yako.

Wapo mafundi watakaokuambia wakuongezee seli kwenye nafasi iliyobaki. Inawezekana, na inaweza kukutia hatarini. Seli zinazounganishwa sambamba lazima ziwe na volti zinazolingana, tofauti isizidi 0.05, la sivyo yenye nyingi inaimwagia yenye chache ampea zisizo na kizuizi mara tu zinapogusana. Zilehemiwe kwa mashine ya kulehemu kwa nukta (spot welder), si kwa pasi ya moto iliyoshikiliwa juu ya seli. Na bodi iliyokuwa ikiendesha 10,000, kupitia tundu la wati 10, itachukua zaidi ya saa 15 kujaza 40,000. Kwa gharama hiyo nunua nyingine.

Ukienda kununua, anza kwa kutafuta Wh kwenye lebo. Mtengenezaji mwaminifu anaandika vitu viwili: uwezo wa seli, mfano «10,000 mAh 3.7V 37Wh», na chini yake «Rated Capacity», mfano 6,000 mAh kwa 5V. Namba hiyo ya pili, ndogo, inayowatia watu shaka, ndiyo alama nzuri. Tapeli haandiki namba inayompunguzia bei. Kisha gawa mAh kwa gramu. Wauzaji wengi wa Kariakoo au wa mtaa wa Luthuli, Nairobi, hawana mizani, ila uzito huwa umeandikwa kwenye boksi au kwenye tovuti ya kampuni. Nenda na mita na taa zako za USB. Kujaribu kitu kabla ya kulipa ni desturi ya maduka yetu, na dakika mbili zinatosha kuona kama tundu linashikilia volti 4.75 kwenye ampea moja au mbili. Uwezo hutauona hapo, udhaifu wa bodi utauona. Kwa simu ya kawaida ya 5,000 mAh, pawabenki ya 20,000 za kweli itakupa chaji kamili tatu hivi, uzito gramu 350 hadi 450. Inayodai zaidi ya 30,000 na kuingia mfukoni iache ilipo.

Jambo moja kwa wanaosafiri. Kanuni za ndege zinaruhusu pawabenki hadi 100 Wh, kwenye begi la mkononi tu. Kati ya 100 na 160 unahitaji kibali cha shirika, na zaidi ya 160 haipandi. Emirates tangu Oktoba 1, 2025 wanaruhusu moja tu kwa abiria, isiyofika 100 Wh, uwezo wake uwe umeandikwa, na haitumiki ndani ya ndege. Mkaguzi anasoma lebo, hapimi. Pawabenki yako ya "50,000" ni 185 Wh kwa lebo yake, kwa hiyo itazuiwa kwa ajili ya umeme ambao haijawahi kuwa nao.

Kuhusu pesa yako: kibao cha "mali ikishauzwa hairudishwi" hakihalalishi lebo ya uongo. Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu sifa za bidhaa, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani, FCC; Kenya kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Nenda dukani na risiti ya EFD, picha ya lebo, picha ya pawabenki juu ya mizani, na picha ya mita baada ya kuzima. Kama huna mita, jaribio la saa linatosha: mwambie muuzaji aichomeke mbele yako ikiwa tupu, na akueleze Wh 185 zinapitaje kwenye tundu la wati 10 kabla hajafunga duka.

Wakikataa kabisa, unaweza kuendelea kuitumia kama ya 10,000, mradi haivimbi, haichomi mkono, na inafunga ikijaa. Ikishindwa moja kati ya hayo matatu, imwage hadi izime, ziba matundu yake kwa tepu, uikabidhi kwa wakusanyaji wa taka za kielektroniki. Isiingie kwenye jalala la nyumbani, hasa kama takataka zenu huchomwa moto.